Muziki wa Gari la Senga

Mtaani kwetu, huku juu kabisa Glasgow, duka la mboga lilishafungwa, na ukitaka kabichi unapanda mabasi mawili. Kinachotufuata mlangoni, tena kwa muziki, ni gari la aiskrimu la jirani yangu Senga, limesheheni krispi za viazi, soda na biskuti.

Juzi akaja Philippa, mtaalamu wa lishe kutoka mitaa ya wenye nazo. Akatuhubiria weee ukumbini kwamba vyakula vya viwandani ndivyo vinavyotuletea kisukari, kisha akamgeukia Senga: "Mama, wewe ndiye unayewamaliza hawa!"

Senga akacheka, akaenda zake kazini.

Mkutano ukaisha, basi la Philippa lisije. Tulisimama naye kituoni, mvua inamchapa, njaa inamuuma, mpaka tukasikia ule muziki. Akalikimbilia gari.

"Mama, huna hata ndizi?"

"Ndizi ziko mjini, mwanangu. Hapa kuna krispi."

Akanunua pakiti mbili, akazifakamia palepale, kisha akainamisha uso.

"Usione haya," Senga akamwambia. "Wewe umekwama huku saa moja tu. Sisi tumezaliwa huku."