Jani Kavu la Isale

Juzi nilikwenda ofisi ya kata, kule Kirua Vunjo, kufuata barua ya utambulisho. Nikawakuta ndugu wawili wa tumbo moja wakigombea mpaka wa kihamba, shamba la migomba waliloachiwa na baba yao.

Mkubwa, rozari shingoni, alifungua kitabu chake cha sala akatoa jani kavu la isale, kalifunga kwenye nailoni utadhani cheti cha kuzaliwa. Huku kwetu, ukimpelekea isale mtu uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha.

"Aliniletea mwenyewe," akamwambia katibu kata. "Asiye na kosa haleti isale. Ushahidi si huu?"

"Kaka, nililileta kwa ajili ya maneno niliyokutolea kwenye msiba wa mama," mdogo akasema taratibu. "Habari za mpaka hazikuwepo. Na ulisema umenisamehe."

"Nilikusamehe! Hata padri anajua."

"Mzee, hili jani lina muda gani?" katibu akauliza.

"Miaka kumi na moja," akajibu kwa fahari.

Mdogo akanyoosha mkono. "Basi nirudishie jani langu."

Mzee mzima akakikumbatia kitabu kifuani kwa mikono miwili. Msamaha alishautoa, jani ndilo lililomshinda kuachia!

Na Jumapili atapiga magoti na kitabu hicho hicho, akiomba naye asamehewe. Ningekuwa yeye, ningeomba kwanza Mungu asiwe hodari wa kutunza vitu kama mimi.