Bamba la Uvunguni

Fundi hufuta mikono kidole kimoja kimoja kabla ya kumjibu mtu. Amechonga bamba la kulainisha upepo chini ya gari, na kila aliyefungiwa hurudi akisifu kwamba mafuta yamepungua. Sifa hizo zinamkera. Dereva akijua ana kifaa, mguu wake huwa mpole. Basi kilichookoa mafuta ni bamba au mguu? Ndipo akamgeukia mume wa dada yake, dereva wa safari ndefu ambaye kitambi hakimruhusu kuinama. Kila wiki fundi hulifunga au hulifungua bamba bila kumwambia, na tangi hulijaza mwenyewe, mpaka shingoni.

“Shemeji, safari hii hukufunga kitu,” dereva alitamba juzi kituoni. “Nimeikanyaga bila huruma, inakunywa kama imerogwa. Hilo bamba kaezekee banda la kuku.”

Fundi alijaza, na tangi likafurika mapema kuliko hata zile wiki za mguu mpole. Akajilaza chini, akaligonga bamba kwa bisibisi, likalia. Shemeji alishika kiuno, akajaribu kuchungulia, akashindwa.

“Hebu gonga tena,” akasema taratibu.

Fundi akaligonga kwa ngumi zote mbili, kama ngoma ya harusi.