"Ndiyo" ya Njia ya Haneti

Siku ile naikumbuka kwa vumbi lake, mwanangu. Hata leo nikikohoa, mke wangu Tabitha husema ni lile lile la njia ya Haneti, bado halijaisha kutoka. Kaa hapo, iweke hiyo simu kando, nikusimulie nilivyokwenda kuposa nikiwa ndani ya lori lililoandikwa RUKSA usoni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa yenyewe, serikali ilipowafungulia watu biashara, wewe hujazaliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliamka tukakuta maduka ya Dodoma yana sabuni za kila rangi, na kila karani ana mradi. Huyu anafuga kuku wa kisasa, yule ana kibanda cha mitumba. Mimi na wenzangu wawili wa ofisini tukachanga, tukanunua lori la kubebea karanga na alizeti. Naliita lori kwa heshima tu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na honi ililia yenyewe kila tulipokata kona ya kulia.

Dereva alikuwa Sospeter, mtu wa Bukoba. Kati yetu ndiye pekee aliyekuwa na leseni, na tangu aipate hakuna aliyewahi kumwambia kitu akakisikia. Mwingine alikuwa Abdala, mtu wa Tanga, mpole, mwenye maneno matamu, na ndiye niliyemchagua awe mshenga wangu. Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa, ila nilikulia shule za bweni, na Kigogo changu kilikuwa cha kuombea maji.

Tabitha alikuwa amekuja mjini kwa shangazi yake, akaimba kwaya kanisani kwetu. Nilimpenda, sikufichi. Nilikuwa naletewa ugali nautazama tu mpaka unapoa. Jioni moja baada ya mazoezi nikajikaza, nikamwambia, "Tabitha, mimi na wewe si tutaoana?" Akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo." Nilirudi nyumbani nikiimba sauti ya kwanza, mimi ambaye sauti yangu ni ya nne.

Lakini kwao, nyuma ya Haneti, habari ilikuwa nyingine. Kulikuwa na mwenye duka mmoja wa Chemba ambaye naye alikuwa anamtaka. Mjomba wake Tabitha, ambaye kwa mila zetu neno lake ni zito, akatoa amri: watu wa Dodoma waje Jumamosi, watu wa Chemba waje Jumapili, na asiyetokea siku yake asirudi tena. Kwa hiyo ile Jumamosi ndiyo ilikuwa maisha yangu yote.

Baba yangu mdogo, mzee wa upande wetu, aliposikia tunakwenda na lile lori alilitazama, akalizunguka, akapiga teke tairi. Halafu akatangulia Ijumaa kwa baiskeli. Tulimcheka sana.

Jumamosi alfajiri tukapakia zawadi: blanketi zito la mjomba, mkeka mpya, sukari, vitenge, godoro la sponji. Abdala alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ukawa unaogopa kumgusa. Barabara ya Haneti tulikuwa tunaijua, mbaya lakini inafika. Sospeter akasema hapana, yeye anajua shotikati. Tutashika barabara ya Kondoa, halafu tutakata kulia porini, na saa nne tutakuwa tunakunywa chai ukweni. Nikamuuliza kama ameshawahi kuipita. Akanijibu kwamba porini ni tambarare, kwani kuna nini cha kujua?

Ulikuwa mwezi wa kumi. Unaijua nchi yetu mwezi wa kumi, kila kitu kimekauka na kinachoma. Abdala, aliyezoea minazi, alitazama nje, akauliza kama hili ndilo jangwa wanalolisoma watoto shuleni. Tukakata kulia, honi ikalia, tukaingia.

Mbele kidogo tukamkuta mzee amejifunga shuka, ana fimbo, anaswaga mbuzi wawili. Sospeter hakuzima gari wala hakusalimia. Akatoa kichwa dirishani, "Mzee! Njia hii si inakwenda Haneti?"

Mzee akatutazama, akalitazama lori, akaitazama njia. "Inakwenda," akasema.

Tukamwachia vumbi lote. Njia ikawa nyembamba, ikawa ya baiskeli, ikawa ya mbuzi, mwisho ikawa miiba mitupu. Tukarudi nyuma, tukashika nyingine. Tukamwona mama ana ndoo kichwani. "Mama, Haneti si moja kwa moja?" "Ndiyo, moja kwa moja." Ilitufikisha kwenye shamba la mtu. Tukarudi tena, tukampita yule mzee na mbuzi wake kwa mara ya pili, naye akatupungia mkono kwa adabu kabisa.

Hatimaye tukafika kwenye korongo pana, mchanga mtupu. Upande wa pili vijana walikuwa wananywesha ng'ombe kwenye visima vya kuchimba mchangani. "Vijana! Hapa si panapitika?" akapaza sauti Sospeter. "Panapitika!" wakajibu wote kwa pamoja, wamefurahi kuulizwa. Sospeter akakanyaga mafuta. Lori likaingia kwa kishindo, likafika katikati, likakaa chini.

Mwanangu, umewahi kuona tairi likijichimbia? Kila Sospeter alipokanyaga, ndivyo lilivyozama. Tukaweka magunia chini ya matairi, yakamezwa. Tukaweka matawi, yakamezwa. Jua likapanda. Nikaanza kumfikiria mjomba amekaa anatazama njia. Tukaweka mkeka wa posa. Tukaweka godoro, likarushwa nyuma vipande vipande na kumpata Abdala kifuani. Ndipo Sospeter akanitazama kwa huruma, akasema, "Blanketi." Nikalileta mwenyewe blanketi la mjomba, nikalitandika chini ya tairi kama namlaza mtoto. Tairi likalizungusha mara moja, likalifukia. Nilikaa chini kwenye mchanga, na nilikuwa karibu kulia.

Yule mzee akatufikia na mbuzi wake. Alikuwa anatembea mwendo ule ule wa tangu asubuhi. Safari hii nilisimama, nikavua kofia, nikamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mzee."

Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua ya kwetu, za ng'ombe ambao sina. Nikajibu zote, nikishindwa Kigogo naingiza Kiswahili. Tulipomaliza nikamwambia kwa unyonge, "Mzee, lakini ulituambia njia inakwenda."

"Inakwenda, baba. Mimi si nimekuja nayo?"

"Mbona hukutuambia kwamba lori halipiti?"

Akacheka taratibu. "Kijana, mlikuja na jibu lenu mkononi. Mkaniambia si inakwenda? Mgeni amekuja na jibu lake mwenyewe, nimnyang'anye? Mngeniuliza njia ikoje, ningewaambia."

Sospeter akanung'unika kwamba hiyo ni sheria ya wapi. Mzee akajifanya hakusikia. Akawapigia mluzi wale vijana, wakaja wote, wakasukuma huku wakiimba na kutucheka, na lori likatoka upande wa pili. Nikamuuliza mmoja wao mbona alisema panapitika. Akasema yeye hupita hapo kila siku.

Mzee akasema naye anaelekea nyuma ya Haneti. Tukampandisha mbele, tukampa heshima ya dirishani. Mbuzi wakapanda nyuma na Abdala, ambaye kanzu yake sasa ilikuwa rangi ya tofali. Mzee akawa anatuonyesha njia kwa kidevu. Ungedhani tumejifunza. Sospeter akasikia kwamba ametokea upande wa Chemba, macho yakamng'aa.

"Mzee, basi yule mwenye duka anayetaka kuposa huko tuendako si unamjua?"

"Namjua."

"Si mchoyo yule?"

"Ndiyo."

"Na si ana kitambi?"

"Ndiyo. Kiasi."

"Si kweli hafai kuoa binti kama yule?"

"Ndiyo, baba," akasema mzee, akatazama nje. Sospeter akacheka mpaka akakosea usukani, honi ikalia. Nami nikacheka, nikiona Mungu ameniletea shahidi.

Tulifika jua limeinama. Uani mbele ya tembe wazee walikuwa wamekaa, na kati yao alikuwa baba yangu mdogo, ameoga, ameshiba ugali na mlenda, baiskeli yake imeegemea ukuta. Alitutazama tu kuanzia nywele mpaka viatu.

Mjomba akainuka. Lakini hakuja kwangu. Alimwendea yule mzee wetu, akamshika mikono yote miwili. "Karibu, baba. Tulikuwa tunakutegemea kesho. Mwenye duka wetu hajambo?"

"Mwanangu hajambo," akasema mzee. "Nimesema nije mapema nilale, na hawa vijana wamenibeba."

Sospeter aligeuka akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi nilitamani lile korongo linirudishe.

Abdala, Mungu amweke, alijifuta uso, akasimama na kanzu yake ya tofali, akanena vizuri. Alisema hatukuja kubahatisha, kijana wetu alimuuliza binti mwenyewe, naye akasema ndiyo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Yule mzee akasafisha koo.

"Samahani. Siku yangu ni kesho, lakini nimeshafika. Sisi nasi tulimuuliza. Akasema ndiyo."

Mjomba akaita, "Tabitha!" Akatoka ndani, akapiga magoti. "Wewe binti, umesema ndiyo kwa nani?"

"Kwa kila aliyeuliza, mjomba."

"Kwa nini?"

"Watu wa Chemba waliniuliza, si umekubali? Huyu naye akaniuliza, si tutaoana? Wote ni watu wazuri. Ningewaaibishaje?"

Moyo wangu ulidondoka, mwanangu. Ile ndiyo niliyoiimba njia nzima jioni ile ya kwaya, ile iliyonifanya nizike blanketi mchangani, haikuwa yangu. Ilikuwa adabu tu. Mchumba hasemi mbele ya wazee, lakini niliinuka. Nilitaka kumwambia, "Tabitha, si mimi ndiye unayenipenda?" Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa yule mzee, anatazama mbuzi wake.

Nikalimeza. Nikaanza upya. "Tabitha, wewe unataka nini?"

Alinyanyua uso, akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Alifikiri. Aliangalia nywele zangu, shati langu, miguu yangu.

"Kwanza nataka uoge," akasema.

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, halafu ua mzima. Baba mdogo alicheka mpaka akashika baiskeli. Walipotulia mjomba akauliza, "Na akishaoga?"

"Nimepata nafasi ya chuo cha ualimu. Hakuna aliyeniuliza habari hiyo. Nataka kwenda nikamalize. Atakayesubiri, nikimtaka nitamwambia mwenyewe."

Mzee wa Chemba alichukua fimbo yake, akacheka kidogo peke yake. "Basi sisi tumemaliza. Mwanangu hawezi kusubiri hata chai ipoe. Na kweli ana kitambi." Akamtazama Sospeter aliposema hayo, na Sospeter akarudi kwenye tairi lake.

Nilisubiri. Lori tuliliuza, Abdala akahamishiwa kwao, mimi nikabaki na taipureta yangu. Sikumwandikia Tabitha barua ya kumkumbusha wala sikumtuma shangazi yake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusukuma lori, maana kila siku nilikuwa na swali moja mdomoni, na linaanza na lile lile neno "si". Mchana mmoja ofisini nikaona kivuli mezani. Alikuwa Tabitha, amemaliza chuo, amesimama na begi lake, viatu vyake vimejaa vumbi.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?" nikamuuliza, nimechanganyikiwa, maana sikuwa nimeuliza kitu.

Mpaka leo ananicheka kwa hilo.

Basi, mwanangu, neno langu kwako ndilo hili. Watu wetu ni waungwana, hawatakunyang'anya jibu ulilokuja nalo. Ukimuuliza mkeo, "Si umeridhika?", utajibiwa ndiyo. Ukimuuliza mtoto, "Si unapenda shule?", ndiyo. Ukimuuliza fundi, "Si itapona?", ndiyo, na utazama mchangani na ndiyo zako mfukoni. Shuka kwenye gari. Zima injini. Salimia mpaka salamu ziishe. Halafu uliza swali ambalo mtu anaweza kulijibu hapana, na akisema hapana usimkunjie uso, kwa sababu amekupa kitu ambacho wengi wamekunyima kwa adabu.

Nenda salama. Mungu akupe njia inayopitika, akupe mtu wa kukuambia mapema pale isipopitika, na akupe katika maisha yako ndiyo moja ambayo hukuiomba. Sasa pita jikoni, umuulize Tabitha kama kuna chai. Usimwambie, "Si kuna chai?"