Kuku wa Kuchinjiwa Majengo

Kwa nini mama alimpeleka kuku wetu Majengo achinjwe, na baba alikuwa na kisu kikali nyumbani? Harufu ya iliki bado hunirudisha kwenye swali hilo. Siku hiyo mama, ambaye kila Krismasi alitupikia mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, alipika biriani kama aliyeizoea. Nikamshuku. Mgeni, mwanamke mzee aliyevaa buibui, hakuigusa sahani.

“Nani alichinja?”

“Mtu wa msikitini, mama. Nilisimama hapo nikamwona.”

Mgeni akala. “Chumvi imezidi, kama kawaida yako.”

Mama akacheka hadi akakaa chini. Mgeni aliijuaje kawaida ya mama, na hakuwahi kufika kwetu?

Nilikuwa chuo kikuu nilipoambiwa: mgeni yule ndiye aliyemzaa mama, na hadi siku ile hawakuwa wamesemezana tangu mama aolewe kanisani.