Minazi Saba na Sahihi Moja

Mwaka huu wanafunzi wa sheria walinialika niwaeleze namna ya kufanikiwa katika kazi hii bila mtu kuipoteza nafsi yake. Nilikubali upesi, maana waliahidi pilau. Nilipokaa kuandika nitakachosema, nikagundua kwamba sijui. Nimevaa joho miaka mingi, nimeshinda kesi nilizostahili kushindwa na kushindwa zile nilizostahili kushinda, na bado nikiulizwa nafsi yangu ilikuwa wapi katika hayo yote, ninababaika. Basi nikawapa vijana maneno mazuri kuhusu bidii na uadilifu, wakapiga makofi, tukala. Niliyopaswa kuwaeleza ni haya.

Katika miaka ya hamsini, kabla sijauona mlango wa chuo kikuu, nilikuwa karani wa wakili mmoja pale Tanga. Wakili alikuwa Mhindi aliyezaliwa mjini hapo hapo, na Kiswahili chake kilikizidi changu kwa mbali, kwa kuwa mimi nilikulia Amani, kule milimani kwenye bustani ya utafiti, ambako baba yangu alikuwa akibandika vibao vya majina ya Kilatini kwenye miti ya Serikali. Baba, Mshambaa na Mlutheri wa kweli kweli, alitaka niwe mchungaji. "Mawakili wanalipwa kwa kubishana," alisema. "Sisi hapa nyumbani tunabishana bure." Mimi nilitaka uwakili kwa sababu mbili. Moja ilikuwa haki, ya pili ilikuwa tai. Sikumbuki vizuri ni ipi iliyotangulia.

Nilikuwa pia nimejitengenezea sahihi. Ilianza na herufi kubwa iliyoinua kichwa kama nyoka, ikamalizikia kwa mkia uliozunguka chini ya jina mara mbili. Niliifanyia mazoezi miezi mingi kwenye magazeti ya zamani, ingawa hapakuwa na karatasi hata moja duniani iliyoihitaji. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu, kupanga mafaili, na kuwaambia wateja kwamba wakili yuko njiani anakuja, hata pale alipokuwa chumba cha pili akitafuna karanga.

Siku moja akaniita. Mteja wake, mfanyabiashara wa mjini, alikuwa amenunua shamba upande wa Mtang'ata, kando ya barabara ya Pangani. Aliyemuuzia ni kijana aliyelirithi kwa ami yake. Mnunuzi alitaka kukata minazi yote apate mahali pa kujenga ghala la kopra, yaani nazi zilizokaushwa, na sikumwona mtu aliyelicheka jambo hilo ila mimi, tena kimoyomoyo. Pembeni mwa shamba aliishi mjane wa yule ami. Wakili alikuwa ameandaa karatasi kwa Kiingereza, kwamba mjane hana dai lolote juu ya ardhi ile, pamoja na vyote vilivyoota juu yake.

"Msomee kwa Kiswahili," akaniambia. "Aelewe, kisha atie dole gumba. Chini yake utaandika kwamba umemsomea na ameelewa, halafu utie sahihi."

"Sahihi yangu mimi?"

"Kwani anakwenda nani?"

Hata angeniambia nimepewa ujaji nisingefurahi zaidi. Tena wiki ile ile alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kuniombea nafasi ya masomo. Niliona dunia imeanza kunielewa.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hili, lakini wa bara huenda akalihitaji. Pwani ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Kiwanja kinaweza kuwa cha mtu huyu, na minazi iliyosimama humo ikawa ya yule aliyeipanda, au aliyeinunua, au aliyepewa. Mama mdogo niliyekaa kwake Usagara, pale pale Tanga mjini, alikuwa na minazi minne uani kwa jirani, akienda kuangua nazi zake anapotaka, na jirani akimsaidia kuzibeba. Katika sheria ya Kiingereza niliyokuwa nikiipiga taipu kila siku, mti ni sehemu ya ardhi kama pua ilivyo sehemu ya uso. Nilizijua sheria zote mbili. Msomaji alishike hilo, maana mimi nilijitahidi sana kulisahau.

Nilimkuta bibi ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mwembamba, mikono myeupe kwa machicha. Hakuinuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani, na joto lote hili na tai?"

"Nimetoka kwa wakili, mjini."

"Wakili! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi."

"Basi kuna mtu anataka kitu."

Nikaikunjua karatasi, nikasafisha koo, nikaanza kutafsiri kwa sauti niliyodhani ni ya mahakama. Nikasema karatasi hii inaeleza kwamba yeye hana dai lolote juu ya ardhi.

"Kweli," akasema. "Ardhi ilikuwa ya marehemu, ikawa ya yule mtoto wa nduguye, na yeye kauza, shauri lake. Mimi changu ni minazi saba ile." Akanionyesha kwa kidevu. "Marehemu alinipa mahari. Nakula hapo, navaa hapo, makuti ya paa hili yametoka hapo. Sita inazaa. Wa saba mvivu kama marehemu mwenyewe, Mungu amrehemu."

Nikatazama karatasi. Maneno ya "vyote vilivyoota juu yake" yalikuwa mstari wa tatu. Kidole changu kilikuwa mstari wa pili.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha," nikasema.

Akajifuta dole kwenye kanga, lakini mafuta ya nazi hayakutoka, wino ukateleza, ikabidi turudie. Kisha nikaandika, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba nimemsomea na ameelewa. Nikatia sahihi. Siku hiyo mkia ulizunguka mara tatu.

"Eee! Mwandiko huo!" bibi akasema. "Mama yako ana raha."

Ndani ya basi la kurudi nilijaribu kujua nimefanya nini. Sikuwa nimesema uongo. Kila neno lililonitoka lilikuwa kweli, isipokuwa lile la "imekwisha," na hata hilo lingeweza kutetewa na mtu mwenye akili. Je, niliogopa kufukuzwa? Hakuna aliyekuwa amenitisha. Nilimtii wakili? Wakili alisema wazi kwamba aelewe. Nilikuwa nalinda ile barua ya masomo? Labda, lakini wakati ule ule sikuwa nikiiwaza. Huenda, na hili ndilo linaloniaibisha kuliko yote, nilitaka tu sahihi yangu ipate kazi. Nilitafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo, nzuri au mbaya, sikuiona, na mpaka tunafika mjini nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi cha kushuka kituo kisicho changu.

"Alielewa?" wakili aliniuliza.

"Alielewa, bwana."

Siku mbili nilipiga taipu kwa makosa mengi. Siku ya tatu nikaingia chumbani kwake kabla hajaniita.

"Bwana, yule bibi alielewa kuhusu ardhi."

"Vizuri."

"Kuhusu minazi sikumwambia. Ni mahari yake."

Akavua miwani. Akafungua faili, akaitoa karatasi. "Hapa umeandika kwamba umemsomea."

"Ndiyo, bwana."

"Na hii ni sahihi yako, au kuna nyoka amepita?"

"Ni yangu."

Akairudisha karatasi ndani ya faili. Halafu akasema, pole pole, kama mtu anayemsomea karani maneno ya kuandika: "Mteja wangu ni yule mnunuzi. Siwezi kukutuma kwa bibi yule ukampe ushauri wa kumpinga mteja wangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Siwezi kabisa." Akachukua faili jingine lisilohusika. "Kesho una kazi gani?"

"Kupiga taipu hati za watu wa Maramba."

"Ziache. Kesho pumzika."

"Sijaomba kupumzika, bwana."

"Ndiyo maana nakupa."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananituma au ananifukuza taratibu. Miaka mingi baadaye, nikiwa wakili kama yeye, nilimuuliza. Akasema siku hiyo haikumbuki, akataka kujua kama nimeoa.

Kesho yake nilipanda tena basi la Pangani. Tai niliiacha nyumbani, nikidhani bila tai mtu huonekana mkweli zaidi. Bibi alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mjini, mpaka niliposema, "Bibi, kuna mstari sikukusomea."

Nikamsomea kutoka kichwani. Nikamweleza maana yake, kwamba minazi saba imeingia humo, na itakatwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulipokuja siku ile mstari huo ulikuwa huujui?"

"Nilikuwa naujua."

"Uliusahau?"

"Hapana."

"Uliogopa?"

"Sijui, bibi."

"Hujui!" Akapaza sauti kuelekea kwa jirani. "We mwenzangu! Njoo umwone msomi! Kanichukulia minazi, na hajui kwa nini!"

Jirani akaja mbio, kanga mkononi. "Ndiye yule mwenye tai?"

"Ndiye. Leo kaivua."

"Kumbe ana shingo!"

Wakacheka, lakini bibi alikuwa wa kwanza kuacha. Akageuka kuitazama minazi yake. Hakuwa na mtoto, na mashahidi wa ndoa yake walikuwa wamekwisha kufa wote. Zaidi ya neno lake hapakuwa na kitu kingine chochote cha kushindana na karatasi ile, isipokuwa sasa, kwa bahati ya ajabu, mimi.

"Utakwenda kwa liwali," akasema. "Ukaseme mbele ya watu kama ulivyosema hapa. Na hiyo 'sijui' yako uiseme vile vile, usije ukaipamba."

Wakati ule mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika baraza la liwali, kwa hiyo mnunuzi alijitetea mwenyewe. Aliponiona naitwa kuwa shahidi wa bibi alisimama. "Huyu ni karani wa wakili wangu!" akasema, kana kwamba ameona mbuzi wake katika zizi la mwingine. Watu wakacheka. Nikaapa. Liwali akainua karatasi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Inasema bibi huyu alielewa. Alielewa?"

"Hapana."

"Basi ulisema uongo siku ile au unasema uongo leo?"

"Siku ile."

"Na kesho?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo, nikaanza kulijibu swali lile. Nikasema ni vigumu mtu kuithibitisha kesho yake. Liwali akaniambia niketi.

Alipowasikiliza wote, na wazee wawili wa kijiji walipoeleza kwamba siku zote nazi za minazi ile zilianguliwa kwa ruhusa ya bibi, hata mumewe alipokuwa hai, akaamua. Ardhi ni ya mnunuzi. Minazi saba ni ya bibi mpaka ife kifo chake yenyewe, na asizuiwe njia ya kuiendea. Ghala lijengwe penye nafasi.

Mnunuzi alimhama wakili wangu. Wakili hakunifukuza. Barua ya masomo aliiandika, akaifunga kwa gundi kabla ya kunikabidhi, nami niliipeleka bila kuifungua, nikapata nafasi. Sijui aliandika nini. Kama aliandika kwamba mimi ni mkweli, alikosea. Kama aliandika kwamba mimi ni mwongo, basi waliopokea barua ile waliona kwamba hiyo si kasoro kwa mtu anayetaka kusoma sheria.

Nje ya baraza siku ile watu kadhaa walinipa mkono. Mzee mmoja akasema nimemwokoa mjane. Bibi alikuwa karibu, akasikia.

"Hakuniokoa," akamwambia. "Alirudi tu."

Nimelitafakari neno lile mara nyingi, hata katikati ya kesi za watu wengine, nisijue kama lilikuwa lawama au sifa, au kama lilikuwa habari tu.

Karani wa baraza alikuwa amempa bibi nakala ya hukumu. Bibi akaniletea.

"Nisomee."

Nikamsomea uamuzi.

"Yote," akasema.

Nikaanza upya kutoka juu: namba, tarehe, majina, mahali, mipaka, minazi saba, njia, mpaka maneno madogo yaliyozunguka muhuri. Akaipokea karatasi, akashukuru, akaikunja. Kisha akavuka barabara kumwendea mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa amepindua baiskeli yake akirudisha mnyororo.

"Mwalimu, hebu nisomee hii."

Mwalimu akafuta mikono kwenye majani. "Huyo pale hajakusomea?"

"Kanisomea."

Mwalimu akaanza kusoma, kwa sauti ya darasani. Bibi alisimama kando yake, mkono kiunoni, wala hakuitazama karatasi. Alikuwa ananitazama mimi. Nami nilibaki juani upande wa pili wa barabara, nikilifuata kila neno kwa midomo, nikimwomba Mungu mwalimu yule asiruke mstari.