Diski ya Chokocho na Namba ya Mgongoni

Nyinyi mnaobonyeza kwanza halafu ndo mkasoma, haya nayaandika kwenu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Kazi ya kunakili diski nilijifunza kwa kusimama karibu na walioifanya, na nikaifanya mpaka macho yaliponigomea.

Siku ya kwanza niliingia karakana ya kompyuta pale mjini Mkoani kufagia. Mwenyewe tulimwita Fundi Mkuu. Alinipa ufagio akasema, "Bi Mize, fagia kote, ila ukikuta waya chini usiuguse."

"Niupite kama nyoka?"

"Kama nyoka."

Mwaka wa pili akaniweka mezani kupokea diski za watu. Kila diski niliifunga kipande cha ukili, ule msuko wa kushonea mikeka: mwekundu kwa ya mteja, mweupe kwa tupu ya kwetu. Baadaye akanitia kwenye kunakili kwenyewe.

Kunakili diski nzima si kuhamisha picha mojamoja. Unaichukua yote kama ilivyo, mwanzo mpaka mwisho, unaipiga juu ya nyingine. Inayopigiwa hufutika yote, hairudi. Kazi hiyo ilifanywa na skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa mara moja, mashine ikayafuata kila siku. Mashine yetu ilikuwa ya Linux, ndio mfumo uliokuwa ukiiendesha. Kwenye skripti, diski ya mteja iliitwa sdb na tupu iliitwa sdc. Tukichomeka ya mteja kwanza, tupu baadaye, na majina yakafuata hivyo hivyo.

Mashine ile ikafa. Fundi Mkuu akaleta nyingine yenye FreeBSD, mfumo wa ukoo mmoja na Linux lakini diski huziita kwa majina yake. Akafungua skripti, penye sdb akaandika da0, penye sdc akaandika da1. Akasema imekwisha.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Faki wa Chokocho. Diski yake ilikuwa na picha za karatasi za mashamba ya kijiji chao. Karatasi zenyewe zimeliwa na mchwa, nakala nyingine hakuna, na diski ilishaanza kukoroma, dalili ya kufa. Fundi Mkuu alizichomeka diski zote mbili mashine ikiwa imezimwa, ndipo akaiwasha.

"Bonyeza, Bi Mize."

"Sibonyezi. Inayofutwa ni ipi?"

"da1. Tupu. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Wewe umeandika. Mashine imekubali?"

Akacheka. "Mzee Faki, tazama! Darasa la nne linamsomesha fundi."

"Darasa la nne linasoma kila herufi," nikamwambia. "Wewe unasoma nusu, nusu unabuni."

Mzee Faki akasema taratibu, "Fundi, mie sina haraka. Msomee bibi."

Kila diski ina namba mgongoni iliyotoka nayo kiwandani, na mashine ukiiuliza inaisema. Fundi Mkuu akaiuliza namba ya da1, akaanza kuisoma. Nami nikavaa miwani, nikazigeuza diski mbili zile bila kuchomoa waya. Alipofika tarakimu ya nne nikamwambia basi.

Namba ile ilikuwa mgongoni mwa diski yenye ukili mwekundu.

Fundi Mkuu akavua kofia, akaiweka juu ya meza. "Ningeifuta," akasema.

"Kasemaje?" akauliza Mzee Faki. Tuliichomoa kwanza diski yake, tukamrudishia mkononi, ndipo tukamweleza. Siku ile hatukunakili kitu.

Skripti iliandikwa upya. Jina mashine hulitoa kwa zamu ilivyozikuta diski, kesho laweza kubadilika, namba haibadiliki. Kwa hiyo mmoja anasoma kwa sauti namba ya mgongoni mwa diski ya kufutwa, mwingine anaiandika, na isipolingana na inayosemwa na mashine, skripti inakataa. Amri ya kuuliza namba Linux ni yake na FreeBSD ni yake. Hiyo tu ndiyo tuliyobadilisha kila tulipohama mfumo. Diski ya Chokocho ilinakiliwa kwa njia hiyo, na Mzee Faki alikaa kitini mpaka tulipolinganisha picha ya mwisho.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani. Vidonge vya presha vya mume wangu na vya kuongeza damu vya mkwe wangu vinakaa rafu moja. Watu wa nyumbani walikuwa wakivijua kwa mahali: vya kushoto vya baba, vya kulia vya mkwe. Asubuhi moja mtu akafuta vumbi rafuni, akavirudisha alivyojua yeye. Nikawaita wote, nikawaambia: humu ndani hakimezwi kidonge mpaka jina lake lisomwe kwa sauti, na anayesoma asiwe anayemeza.