Alama ya Chaki kwenye Gari ya Harusi

Enzi zetu gari ilikuwa na heshima ya kuugua waziwazi. Ilikohoa, ikatema moshi, ikakataa kupanda, na Busia nzima ikajua ni ya nani. Siku hizi inawasha taa ndogo ya manjano, na vijana wa karakana wanakimbia kuleta kompyuta iwaambie inaumwa wapi. Fundi mzima anauliza mashine. Sawa tu. Mimi niliishia darasa la tatu, nitasema nini mbele ya wasomi?

Baba yangu alikuwa fundi, na kibanda chake cha mabati kilikuwa kwetu Busibwabo. Madereva walimletea gari kutoka Malaba, wengine kutoka ng'ambo Uganda, wakisema, "Ssebo, bwana, hii haivuti." Baba hakuwa na mashine. Alikuwa na spana, kipande cha chaki na masikio. Alilegeza nati ya distribyuta, kile kikombe kinachogawia plagi moto, akakigeuza upana wa unywele mmoja huku injini inanguruma, akasikiliza. Moto ukiwahi, injini inagonga ka-ka-ka kama kuku anayedonoa sufuria tupu. Ukichelewa, gari inajikokota kama ng'ombe mwenye mimba. Hapo katikati ndipo ugali wetu wa mtama ulitoka, na omena, na mandazi siku lori ya mtu imepona.

Basi dada yangu Nafula akapata mchumba, harusi ikawa kanisani Nambale. Gari ya kumbeba yeye na dada za Baba, masenge wetu, ilikuwa pikapu ya Baba mwenyewe. Padre alishasema ni saa nne kamili. Akimaliza hapo anaenda kanisa lingine, na anayechelewa atangoja mwezi ujao.

Jioni ya kuamkia harusi Mama akaniambia nioshe gari. Nilikuwa na miaka kumi, na siku zile ukiambiwa osha, unaosha, sio kama hawa wajukuu wangu wanaoosha sahani upande mmoja. Nikafungua boneti, nikasugua injini na jivu kwa gunzi la mahindi mpaka ikang'aa kama sufuria ya wageni. Kulikuwa na mstari wa chaki kwenye distribyuta. Nikaona ni uchafu, nikausugua pia. Baba alikuwa ameiacha nati imelegea ili akaze asubuhi, kwa hivyo kikombe chenyewe kikazunguka na mkono wangu. Nililala nikijisifu.

Asubuhi Nafula akaketi mbele, masenge sita wakapanda nyuma wakiimba. Baba akapiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini. Injini ikapiga chafya, ikalia kama bunduki, na hendeli ikarudi nyuma ikabaki kidogo imvunje mkono. Nyimbo zikakatika.

Senge mkubwa akasema, "Fundi wa watu, ya kwako imekushinda?"

Baba akafungua boneti, akatafuta chaki yake. Akaniangalia. Nikangoja fimbo, maana enzi zetu fimbo haikuwa na taa ya manjano ya kukuonya. Lakini aliniinamia akasema polepole, "Mwanangu, ile alama ya pa kukaza ndiyo ilikuwa sikio langu. Hii kugonga siisikii tena."

Miaka ya kupiga nyundo ilikuwa imekula masikio yake, na alikuwa akificha. Nani angempelekea gari fundi kiziwi?

Akatoa plagi ya kwanza, akaniambia nizibe tundu kwa kidole gumba. Akazungusha hendeli pole mpaka upepo ukanisukuma kidole. "Hapo pistoni inapanda," akasema. Akapanga distribyuta kwa kukisia, injini ikawaka. Lakini kugonga kunajitokeza gari ikipanda na mzigo, kwa hivyo akaniketisha mbele karibu naye. "Ikigonga, gusa goti langu. Usiseme neno."

Kwenye mpando wa kuelekea Nambale nikagusa goti. Akasimama, akashuka, akarudisha distribyuta unywele mmoja. Tukaondoka, nikagusa tena. Akashuka tena.

"Tunaenda harusini ama tunaenda gereji?" Senge akauliza kutoka nyuma.

Mara ya tatu mkono wangu ulibaki mapajani. Pikapu ilipanda ikiimba kuwashinda masenge. Tulimkuta padre mlangoni akitazama saa, na Nafula akaolewa. Baba alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, mimi kando yake na kidole changu, na watu wakawa wanasema huyu fundi anapenda msichana wake sana.

Majuzi mjukuu wangu Wandera, mmoja wa hao mafundi wa kompyuta, alinibeba kwa gari yake kwenda Nambale. "Kukhu, hii haina distribyuta," akajigamba. "Inajipanga yenyewe." Hongera zake. Basi imelelewa vizuri kuliko watoto wa siku hizi.

Tulipofika ule mpando, kidole changu kikagusa goti lake, hata sijui kilitumwa na nani.

"Kukhu, nisimame uende haja?"

Nikamwambia endesha tu. Injini ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, na goti halikuwa la Baba.